Kutafuta kasiteriti, koltani na dhahabu katika milima ya Kivu Kusini: kuanzia mchanga wa mto hadi mtaro

Mashimo mengi yaliyoachwa wazi katika milima ya Kalehe, Mwenga na Shabunda yalichimbwa pale madini yalipoonekana, si pale yalipotoka. Kasiteriti, yaani madini yanayotoa bati, inayookotwa kwenye kijito inaweza kuwa imeteremka kilomita kadhaa kutoka kwenye mshipa wake, na anayechimba ukingoni mwa kijito hicho anamaliza changarawe chache kisha anagonga shisti tupu. Kazi ya utafutaji ni kurudi nyuma: kutoka chembe hadi mteremko, kutoka mteremko hadi mshipa, na kutoka mshipa hadi kipimo unachoweza kukiamini. Hapa tunaeleza jinsi kikundi cha watu wanne au watano kinachotoka Bukavu, chenye karai, nyundo, dira, futi (utepe wa kupimia) ya mita 50 na simu yenye GPS, kinavyoweza kuifanya kabla ya kutumia fedha nyingi.

Fahamu miamba kabla ya kushika karai

Sehemu kubwa ya milima yenye madini huku kwetu ni miamba ya Kibara: mchanga na tope la kale vilivyokandamizwa na kupashwa joto hadi vikawa filiti, shisti na kwatsiti. Ndani yake graniti zimepenya kwa vipindi viwili ambavyo mtafutaji hapaswi kuvichanganya. Za kwanza zina umri wa karibu miaka milioni 1,375. Zimeenea sana, mara nyingi zimevutwa na kukunjwa hadi zinafanana na naisi, na kwa anayetafuta bati hazina mengi. Za pili zilipenya karibu miaka bilioni 1 iliyopita. Ni ndogo kwa eneo, nyeupe au za kijivu hafifu, hazina mikunjo hiyo, na zina mika nyeupe inayong'aa. Hizi ndizo graniti za bati, na ile ya Kasika, upande wa Mwenga, inajulikana vizuri kwa wajiolojia.

Graniti ya namna hii ilipokuwa ikipoa, majimaji yake ya mwisho yalibeba bati, tantali, niobi, wolframu na lithi, yakapenya kwenye nyufa za miamba iliyoizunguka. Yaliyoganda karibu na graniti ni pegmatiti (miamba ya chembe kubwa sana) zenye mika nyeusi au tumalini nyeusi tu, na hizo usizipotezee muda. Mbele kidogo zinakuja pegmatiti za mika nyeupe zenye berili. Mbele zaidi ndipo koltani (madini ya tantali na niobi) na kasiteriti hupatikana kwa wingi, wakati mwingine pamoja na spodumeni au lepidoliti, ile mika ya zambarau. Mishipa ya kwatsi yenye kasiteriti na wolframiti hukaa juu ya paa la graniti au ndani ya shisti na kwatsiti zilizo jirani. Kwa hiyo mstari wa kwanza kuchora kwenye ramani ni mpaka kati ya graniti na shisti, na eneo la kutembea ni ukanda wa kilomita chache nje ya mpaka huo. Katikati ya graniti kwa kawaida hakuna kitu.

Mara nyingi utaukaribia mpaka huo bila kuiona graniti yenyewe. Shisti huanza kuwa na vidoa vigumu, ganeti au vijiti vya andalusiti, kwa sababu joto la graniti limeipika. Karibu na mshipa wenyewe shisti hugeuka nyeusi na ngumu kwa tumalini, au hujaa mika nyeupe nene kandokando ya kwatsi. Kwatsi nyeupe, safi, isiyo na mika wala tumalini pembeni ipo kila mlima, na karibu yote ni bure.

Dhahabu ina njia yake. Hufuata nyufa kubwa ambako mwamba umesuguana na kusagika, na vilele vya mikunjo ya mashapo. Twangiza ni mfano: dhahabu imo katika mkunjo wa miamba myeusi ya tope, pamoja na miamba ya moto iliyopenya kati ya tabaka zake. Alama zake ni piriti na arsenopiriti. Zikioza huacha kutu na vishimo vya pembe nne ndani ya kwatsi.

Pia fahamu mahali pa kutotafuta. Udongo mwekundu mzito wa Bukavu, Kabare na sehemu za Walungu umetokana na basalti iliyomwagika juu ya miamba ya Kibara baadaye sana. Sampuli ya udongo juu ya basalti haisemi lolote kuhusu kilicho chini yake. Kwa Goma ni zaidi: lava za Nyiragongo na Nyamulagira zimefunika kila kitu. Huko juu ya basalti tumia mito iliyokata hadi chini, au acha.

Karatasi na ruhusa

Kwa kifupi, maana hili linajulikana ingawa wengi hulipuuza: madini yaliyo ardhini ni mali ya Serikali, na kazi hii inatawaliwa na Kodi ya Madini, yaani sheria ya madini ya Kongo, ya 2002 iliyorekebishwa mwaka 2018. Kabla ya kwenda, hakikisha kwenye Cadastre Minier, ofisi ya serikali inayosajili vibali vya madini, kama eneo lina mwenye kibali. Ramani yao imegawanywa kwa miraba ya hekta 84.955, na mlima mmoja unaweza kuwa chini ya watu wawili tofauti. Hifadhi ya Kahuzi-Biega haitafutwi madini, hata kama mto unaotoka ndani yake umekupa karai nzuri. Kisha mwone shefu wa grupma (kundi la vijiji) na shefu wa lokalite (kijiji), ueleze mtaingia wapi na mtachimba nini. Mtaro wa mita 20 katikati ya mihogo ya mtu huleta ugomvi mkubwa kuliko ule ambao kibali kinaweza kuutuliza.

Kwa ramani za zamani, jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, linatunza kumbukumbu nyingi za makampuni ya wakati wa ukoloni. Picha za setilaiti za bure zinatosha kuona mito, mashimo ya zamani na mistari mirefu iliyonyooka mlimani ambayo mara nyingi ni nyufa. Andika viwianishi vyote kwa mfumo mmoja tu: WGS84, UTM kanda ya 35 Kusini. Timu moja ikiandika kwa digrii za desimali na nyingine kwa dakika na sekunde, pointi zitakuja kuangukia ziwani.

Karai mtoni

Hapa ndipo kazi inapofanyika, na hapa ndipo wengi huiharibu. Nendeni kiangazi, Juni hadi Agosti, maji yakiwa madogo na changarawe za chini zikiwa wazi.

Kanuni ya kwanza ni ujazo ulio sawa. Kila sampuli iwe lita 10 za changarawe iliyopita kwenye chekecheo cha milimita 5, yaani ndoo ndogo moja iliyojaa hadi ukingoni na kusawazishwa kwa ubao. Anayejaza karai kwa macho hawezi kulinganisha pointi mbili, na bila kulinganisha hakuna utafutaji.

Ya pili ni mahali pa kuchota. Madini mazito hujificha chini ya changarawe, juu kabisa ya mwamba mama, kwenye nyufa zake, nyuma ya mawe makubwa na upande wa ndani wa kona ya mto. Chimba hadi uguse mwamba, kisha kwangua nyufa kwa kijiko cha chuma. Mchanga wa juu, ule mwepesi unaochotwa bila kuinama, utakuambia mto ni maskini hata pale ulipo tajiri.

Ya tatu ni mpangilio. Kila mito miwili inapokutana, chota sampuli katika kila mkono, kama mita 50 juu ya makutano ili maji ya mafuriko yasiwe yamechanganya. Ukiwa umechagua mkono, chota kila mita 200 hadi 300 ukipanda. Tuseme mkono wa kulia unatoa gramu 12 za mchanga mzito na wa kushoto nusu gramu: panda kulia. Pointi zinazofuata zinatoa 15, 14, 16, kisha ghafla 0.3. Chanzo kiko kati ya hizo mbili za mwisho, kwenye mteremko wa upande mmoja au mwingine. Usiendelee kupanda. Rudi, chota kwenye vijito vidogo na makorongo ya pande zote mbili, hata yasiyo na maji.

Kuosha kwenyewe: jaza karai theluthi mbili, lizamishe, kanda udongo kwa vidole hadi maji yasiwe meupe tena. Pegmatiti iliyooza hutoa kaolini, na donge la kaolini lisilovunjwa hutoka ukingoni likiwa limebeba chembe zako ndani. Ondoa mawe kwa mkono baada ya kuyasuuza ndani ya karai. Tikisa kushoto na kulia, karai likiwa sawa na chini ya maji, ili mazito yazame. Ndipo uinamishe kidogo na kuacha maji yabebe tabaka la juu. Tikisa tena, inamisha tena. Anayeinamisha bila kutikisa anamwaga madini pamoja na mchanga. Ukibaki na kijiko kikubwa kimoja, acha maji kidogo yazunguke taratibu: vyepesi husonga mbele, na nyuma unabaki mkia mweusi, dhahabu ikiwa mwisho kabisa.

Karai jipya la chuma lina mafuta ya kiwandani. Lipashe motoni hadi libadilike rangi, vinginevyo dhahabu laini itaelea na kuondoka nayo. Mikono yenye mafuta ya kupaka hufanya vilevile. Tone la sabuni kwenye maji husaidia.

Kausha mkia, pitisha sumaku iliyofungwa kwenye sashe ya plastiki ili uondoe magnetiti (ukiivua sashe, magnetiti yote inaanguka), pima kwenye mizani ya gramu 0.1, na utie kwenye sashe mbili zilizo na namba ndani na nje. Wino wa nje hufutika, ule wa ndani, ulioandikwa kwa penseli, haufutiki.

Angalia umbo la chembe kwa lenzi ya mara 10, maana linakupa umbali. Kasiteriti yenye pande kali, iliyoshikana bado na kwatsi au mika, haijasafiri mbali. Iliyolainika na kuwa mviringo imesafiri. Wolframiti hupasuka kirahisi na koltani ni dhaifu pia, hivyo ukiipata wolframiti ya ukubwa wa punje ya mchele kwenye karai, mshipa uko karibu. Dhahabu ya jirani ina miiba na mapango, ya mbali ni bapa na laini.

Mambo matatu hudanganya mtoni. Kwanza, mahali pa kuoshea pa zamani: mchanga uliosafishwa na wachimbaji miaka iliyopita hukaa ukingoni na kuonyesha utajiri ambao haukutoka hapo. Waulize wazee wa kijiji, kisha chota juu ya eneo hilo. Pili, maporomoko. Milima ya Kalehe na Mwenga huteremka yenyewe mvua zikizidi, na donge moja la mlima likiingia mtoni huleta madini ya upande mwingine kabisa. Tatu, changarawe za barabara zilizoletwa kwa lori. Popote barabara ilipovuka, chota juu yake.

Kujua hicho cheusi ni nini

Mkia mweusi si kasiteriti mpaka uthibitishwe. Ndani yake kuna tumalini, ilmeniti, magnetiti, ganeti, zikoni na hata monaziti. Tumalini pekee, yenye uzito wa karibu mara 3.1 wa maji, haiwezi kubaki nyuma ya mkia ukiosha vizuri. Ikibaki, rudia kuosha.

Kwa chembe kubwa, uzito unasaidia. Pima jiwe hewani, kisha likining'inia kwa uzi ndani ya maji, na gawanya uzito wa hewani kwa tofauti ya hizo mbili. Gramu 68 hewani na 58 majini ni 68 kwa 10, yaani 6.8, na hiyo ni hesabu ya kasiteriti. Lakini tahadhari: koltani huanzia karibu 5.2 ikiwa na niobi nyingi na hufika karibu 8 ikiwa na tantali nyingi, kwa hiyo kasiteriti iko katikati yake. Uzito peke yake hautenganishi hizo mbili, ingawa makomisioneri (madalali) wengine sokoni huziuza kwa uzito tu.

Hapo tumia mstari. Sugua chembe nyuma ya kigae cha bafuni, upande usiong'aa. Kasiteriti huacha mstari mweupe au kahawia hafifu sana. Koltani na wolframiti huacha mwekundu uliokolea, kahawia au mweusi. Hematiti ni mwekundu wa damu. Wolframiti hujitofautisha na koltani kwa kupasuka bapa upande mmoja, ikimeta kwenye jua.

Kwa kasiteriti kipimo cha mwisho ni zinki. Chukua betri ya zamani ya tochi, ile ya kaboni na zinki, si alkalini, maana ganda la alkalini ni chuma kilichopakwa nikeli. Kata ganda la zinki, osha lami nyeusi yote, lisugue hadi liwe jeupe. Weka chembe juu yake, zigusane nalo, kisha mimina asidi ya kloridriki iliyopunguzwa: sehemu moja ya asidi ya dukani katika sehemu mbili au tatu za maji, na asidi ndiyo imwagwe ndani ya maji, si kinyume. Mapovu yataanza mara moja. Subiri dakika 5 hadi 10, suuza, sugua kwa kitambaa. Kasiteriti imevaa koti la bati la kijivu linalong'aa, na koltani, tumalini na ilmeniti zimebaki vilevile. Zisipobadilika zote, usikate tamaa papo hapo: mara nyingi chembe zimefunikwa na kutu ya lateriti, au hazikugusa zinki. Zilowe kwanza kwenye asidi peke yake, zisugue, urudie, na weka pembeni chembe moja ya kasiteriti unayoijua ili ujue kama asidi ina nguvu. Fanya nje, macho yakiwa na miwani, bila sigara wala jiko karibu. Gesi inayotoka ni hidrojeni na huwaka.

Dhahabu ni rahisi zaidi. Ikanyage kwa ncha ya kisu: dhahabu hulala bapa, piriti huvunjika kuwa unga mweusi wenye rangi ya kijani, na mika husonga mbele kila maji yanapotikisika.

Baadhi ya koltani ya Kivu ina urani na thori ndani yake. Usilale na magunia ndani ya chumba, wala usiyaweke chini ya kitanda kwa hofu ya wezi.

Kupanda mteremko

Ukishajua upande wa mlima, tembea ukipanda kwa zigizaga na kuweka alama kila jiwe la kwatsi lenye mika au tumalini, kila tope jeupe la kaolini kwenye kingo za njia, kila mahali mizizi ya mti ulioanguka imeinua ardhi. Mawe hayo yanasambaa chini ya chanzo kwa umbo la feni. Pale yanapokoma ghafla ukipanda, mshipa uko hapo au mita chache juu yake.

Kisha mistari ya udongo. Ipite kukata mwelekeo wa miamba, si kuufuata. Pima kwanza kwa dira mwelekeo na mwinamo wa tabaka za shisti kwenye korongo la karibu, sehemu tano au sita, maana mikunjo hubadilisha kila kitu ndani ya mita mia. Mstari hadi mstari mita 200, pointi hadi pointi mita 25. Mshipa wa nusu mita upana hupotea kirahisi kati ya pointi za mita 100. Chimba kupita udongo mweusi wa juu, sentimita 30 hadi 60, hadi ubadilike rangi. Chukua kilo 2, lakini usifuate mazoea ya maabara ya kuchekecha hadi unga wa chini ya milimita 0.18 kwa kila kitu. Kwa dhahabu laini inafaa. Kasiteriti na koltani za hapa mara nyingi ni kubwa kuliko hapo, na chekecheo hicho kinatupa madini na kupeleka udongo maabara. Osha nusu ya sampuli kwenye karai, uhifadhi nusu nyingine.

Udongo wa mlimani hutambaa. Kwenye mteremko wa digrii 25 au zaidi, pointi yenye madini mengi huwa chini ya mshipa, si juu yake, na tofauti inaweza kuwa makumi ya mita. Mtaro wa kwanza uanze kwenye pointi bora na kupanda juu.

Mtaro

Mtaro ukate mshipa kwa pembe mraba, uwe na upana wa mita 1, na ufike pale mwamba uliooza unapoanza kuonyesha tabaka zake za asili. Kwa kawaida ni mita 1 hadi 2. Mtu asishuke mtaro uliopita mita 1.5 bila kingo kukatwa ngazi au kuegemezwa mbao. Udongo uliochimbwa ukae mita 1 au zaidi kutoka ukingoni. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi hakuna kushuka hadi kuta zikaguliwe. Mwamba uliooza wenye mika huteleza kwenye tabaka zake bila kuonya.

Safisha ukuta mmoja kwa jembe na brashi, vuta futi kutoka kigingi cha mwanzo, na chora kila kitu kwa umbali wa futi. GPS ya simu hukosea mita 5 hadi 10, na zaidi chini ya miti, kwa hiyo ndani ya mtaro haina kazi: inakupa kigingi tu.

Sasa mwinamo. Mita ya juu ya mshipa mara nyingi imevutwa na mteremko ikainama upande wa bonde, na anayepima hapo ataamini mshipa unaingia mlimani wakati unatoka. Mashimo mengi yaliyochimbwa "kufuata filo" (mshipa) yakaipoteza kwenye mita ya tatu yalipotea kwa sababu hii tu. Chimba hadi chini ya kuinama, ndipo upime.

Upana pia hudanganya. Kinachoonekana kwenye sakafu ya mtaro ni upana wa kukatwa. Upana wa kweli ni huo mara sini ya mwinamo: mshipa unaoinama digrii 45 ukionekana mita 2 ni mita 1.4, na unaoinama digrii 30 ni mita 1 tu. Anayeandika mita 2 kwa huo wa pili ameongeza madini maradufu kwenye karatasi.

Sampuli ya ukuta ni mfereji: upana sentimita 10, kina sentimita 5, urefu usiozidi mita 1. Hiyo ni lita 5, yaani karibu kilo 13 kwenye mwamba mgumu na karibu 9 kwenye uliooza. Ukipata kilo 4, mfereji haukuchimbwa sawa, rudia. Usivuke mpaka: mshipa sampuli yake, ukingo wenye mika sampuli yake, shisti ya pembeni sampuli yake. Kishawishi ni kukwangua zaidi sehemu laini na zinazong'aa. Mshike mkono anayefanya hivyo. Tandika turubai chini, kila kipande kilichoanguka kiingie.

Kwenye pegmatiti hata kilo 13 hazitoshi. Koltani hukaa mafungu mafungu: mfereji ukipita kwenye fungu unapata utajiri wa uongo, ukipita pembeni unapata sifuri. Chimba mita moja ya ujazo, iliyopimwa shimoni na si kwenye rundo, kwa sababu udongo ukichimbwa huvimba kwa robo hadi theluthi. Osha yote, pima mkia. Gramu 900 kutoka mita moja ya ujazo yenye tani 1.8 ni gramu 500 kwa tani. Kisha osha tena mabaki yote mara ya pili. Yakitoa zaidi ya asilimia 10 ya yale ya kwanza, uoshaji ulikuwa mbovu na hesabu haifai.

Maabara

Kosa la gharama kubwa kuliko yote hutokea hapa, na linafanywa hata na wenye diploma. Kasiteriti haiyeyuki kwenye mchanganyiko wa kawaida wa asidi ambao maabara hutumia kwa metali nyingi, na koltani vilevile. Usipoandika kwenye fomu kwamba unataka kuyeyusha kwa moto na peroksidi ya sodi au borati ya lithi, utapokea karatasi nzuri yenye bati karibu sifuri, na mlima mzuri utaachwa. Kwa dhahabu omba jaribio la moto la gramu 50. Kama kuna dhahabu ya kuonekana kwa macho, omba ichekechwe kwanza na sehemu ya chembe kubwa ipimwe yote. Kifaa cha mkononi cha miali ya eksi kinasaidia kuchagua sampuli, lakini kwa tantali ya kiasi kidogo usikiamini.

Kati ya kila sampuli 20 ingiza moja iliyorudiwa kutoka mfereji uleule na moja isiyo na madini, bila kuwaambia maabara. Kwa bati na dhahabu, basalti safi ya Bukavu iliyopondwa inafaa kuwa ile isiyo na kitu. Kwa koltani haifai, maana basalti za Kivu zina niobi ya kuonekana. Kama basalti yako inarudi na bati, uchafu uko kwenye mashine zao za kusagia, na namba zilizo jirani nayo zote zina shaka. Kusafirisha sampuli nje ya jimbo kunahitaji idhini: uliza Divisheni ya Madini kabla ya kufunga gunia, si ukiwa kwenye kizuizi cha barabarani.

Mitaro mitatu iliyokata mshipa mmoja kwa mfululizo, kila mmoja na upana wa kweli na kipimo chake, ndiyo kiwango cha chini cha kuzungumzia kuchoronga, yaani kutoboa mwamba kwa mashine. Shimo la kuchoronga lielekezwe kinyume na mwinamo, digrii 50 hadi 60, ili lipasue mshipa karibu na pembe mraba. Likienda upande uleule wa mwinamo litatambaa ndani ya mshipa na kutoa upana usiokuwepo.

Vipimo vikishachorwa na kupigwa picha, fukia mtaro. Udongo mwekundu wa chini urudi chini, ule mweusi uwe juu ili mihogo iote tena, na kila kichwa cha mtaro kibaki na kigingi cha chuma chenye namba yake.